Mila za Mlima Meru na Imani Yetu: Somo kwa Kijana Mkatoliki

 

Leo naanza na swali jepesi. Ukiulizwa utueleze maisha ya Wameksiko, utasema nini? Najua wengi mtajibu haraka. Tumekua na tamthilia zao kwenye televisheni: tunajua sherehe zao, harusi zao, kofia zao kubwa, hata namna mama mkwe anavyogombana na mke wa mwanawe. Sasa swali la pili: hapa Lemara, jirani yako Mwarusha ni wa rika gani? Mzee akishika majani mkononi anamaanisha nini? Yule bibi wa Kimeru anayekuuzia ndizi sokoni, watu wake walifikaje kwenye huu mlima?

Hapo kimya. Unakuta kijana amezaliwa Lemara, kabatizwa Lemara, kapata Kipaimara Lemara, lakini watu wa mlima anaouona kila asubuhi hawajui. Na wengine ni watoto wa hapa hapa, jina ni Mollel au Pallangyo, ila lugha ya bibi hawaisikii na wanaona aibu kuulizwa.

Tatizo ni hili: kijana asiyejua mila atafanya moja kati ya mawili. Ama atazidharau zote kwa jumla, "hayo mambo ya kizamani", ama siku wazee wakimwita atazimeza zote bila kutafuna. Mkristo hatakiwi kufanya lolote kati ya hayo. Anatakiwa kujua, kushukuru na kuchagua. Twende taratibu.

1. Tuko kwenye ardhi ya nani?

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake ya kusini ina udongo mzuri wa volkano na mito inayoshuka mwaka mzima, kama Themi unaopita mjini kwetu. Hapo ndipo walipokaa wenyeji wawili: Wameru upande wa mashariki, Waarusha upande wa magharibi.

Wameru ni Wabantu. Lugha yao iko karibu sana na Kimachame cha Kilimanjaro. Ukisikia jina Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Nanyaro, Akyoo au Sarakikya, ujue hizo ni koo zao. Kiongozi wa mila anaitwa mshili.

Waarusha wanazungumza Kimaa, lugha moja na Wamasai, lakini ni wakulima. Walitoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakapanda hapa miaka ya 1830 hivi. Wakalima migomba, mahindi na maharage, wakafuga ng'ombe, ila undugu na Wamasai haukukatika. Laizer, Mollel, Lukumay: majina haya utayakuta Lemara na utayakuta Monduli.

Watu hawa wawili walipigana, wakaibiana ng'ombe, halafu wakaoana. Wameru wakachukua utaratibu wa marika kutoka kwa Waarusha. Kumbe hata kabla ya mzungu kufika, mila zilikuwa zinakopeshana. Hakuna utamaduni uliotoka mbinguni ukiwa umefungwa kwenye sanduku.

Kuna jambo la kihistoria ambalo kila kijana wa Arusha anapaswa kulijua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa, maelfu ya watu wakafukuzwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akaeleza kilio chao mbele ya dunia. Fikiria, wakulima wa ndizi na kahawa! Watu wa namna hiyo si watu wa kuonewa aibu.

2. Salamu, chakula na siku ya kawaida

Anza na salamu. Kwa Waarusha, mtoto akikutana na mzee anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Mwanamke anasalimiwa "Takwenya", anajibu "Iko". Usipite tu na "mambo, vipi". Ile kuinamisha kichwa inamwambia mzee: mimi ni mwanao, nibariki. Nasi Wakatoliki si tunainamisha vichwa padre anapotoa baraka? Lugha ya mwili ni ile ile.

Halafu chakula. Nyumba ya mlimani hupika makande, hupika ndizi za kila namna, na siku ya kujivunia hupika loshoro: mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando. Ukienda Tengeru siku ya soko, Jumamosi, utaona yote haya: mikungu ya ndizi, maparachichi, nyanya, maharage ya kila rangi, na akina mama waliofika kabla ya jua.

Sasa nikuambie kitu. Mahindi unayoyaita chakula cha nyumbani asili yake ni Meksiko. Wakulima wa kule waliyatoa kwenye jani la porini miaka 9,000 hivi iliyopita. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuvuka bahari, kuanzia karne ya 16, ndipo yakapanda bara polepole. Maharage, nyanya, pilipili na parachichi navyo asili yake ni Amerika. Mama wa Meksiko anachemsha mahindi kwa chokaa mpaka ganda litoke, anayasaga, anatengeneza tortilla, mkate mwembamba wa duara kama chapati. Mama wa mlimani anayakoboa, anatengeneza loshoro. Mbegu moja, mikono miwili, na kila mmoja anasema "hiki ndicho chakula chetu". Wote wawili wako sahihi.

Shika mfano huo wa mbegu, tutaurudia.

3. Rika na wazee

Kwa Waarusha, kijana hakui peke yake. Anatahiriwa pamoja na wenzake, wanaingia rika moja, na rika hilo linapewa jina. Utawasikia wazee wakitajana: huyu Makaa, huyu Landisi, huyu Korianga. Rika linapita ngazi pamoja: umorani, kisha wazee vijana, kisha wazee wenye kauli. Kila rika lina msemaji wake, laigwanani. Hachaguliwi kwa sababu ana pesa. Anachaguliwa kwa kuwa anajua kusikiliza na kusema kwa kipimo.

Mwenzako wa rika ni ndugu. Akikosa, rika linamkanya. Akipata msiba, rika linabeba. Ugomvi wa mpaka wa shamba au wa ng'ombe unasikilizwa kwanza chini ya mti, na lengo si kumfunga mtu bali kuwapatanisha wanaoendelea kuishi pamoja.

Ukiangalia vizuri, hapa kuna kitu ambacho sisi vijana wa mjini tunakitafuta kila siku: watu wa kukuwajibisha. Uko VIWAWA, uko kwaya, uko kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200, lakini ukianguka dhambini au ukapoteza kazi, nani anakuja kugonga mlango? Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo ilikusudiwa iwe hivyo, ndugu wanaojuana kwa majina na shida. Wazee wetu walilijua hilo zamani.

4. Engai, Naai na majani

Waarusha hawakusubiri mmisionari awaambie Mungu yupo. Wanamwita Engai, na neno hilo linabeba pia maana ya mvua na anga. Ule mlima wa volkano kaskazini, Oldoinyo Lengai, maana yake ni mlima wa Mungu. Mzee anapobariki, anataja baraka moja moja: mpate watoto, mpate mvua, mpate amani. Waliokaa wanaitikia kila mara: "Naai!" Ukisikiliza bila kujua lugha ungesema ni litania.

Na majani. Kwa watu wa Kimaa, kushika majani mabichi ni kuomba amani. Ng'ombe anaishi kwa majani, kwa hiyo majani ni uhai. Waliogombana wakipokezana majani, ugomvi umekwisha. Majirani zetu Wachaga nao wana isale: ukimpelekea mtu jani la isale kuomba msamaha, ni vigumu sana kukataa.

Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefika Tanganyika mwaka 1955, alihubiri kwa Wamasai upande wa Loliondo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 anaeleza jinsi majani yalivyoingia kwenye Misa yao: yalipitishwa mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, kama alama ya amani. Na kama kulikuwa na watu kijijini wasiotaka kupokezana majani, ilikuwa wazi kwamba hawako tayari kwa Ekaristi.

Sasa jipime hapo. Sisi Jumapili tunapeana amani kwa kushikana mikono, huku tunatabasamu, na aliyeko benchi la nyuma hatujasemeshana naye tangu Pasaka. Mila ya mlimani inatukumbusha Injili yenyewe: Yesu alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale altareni, kwanza kapatane naye (Mt 5:23-24). Hawa wazee walikuwa karibu na mstari huo kuliko tunavyodhani.

5. Kwa nini Kanisa linajali mila?

Hebu turudi Meksiko kidogo. Mwaka 1521 mji mkuu wa Waazteki uliangushwa na Wahispania. Wenyeji walivunjika moyo: mji umekwenda, wafalme wamekwenda, magonjwa yanaua, na dini mpya imeletwa na watu wale wale walioshika panga. Miaka 10 baadaye, Desemba 1531, mapokeo ya Kanisa yanatueleza kwamba Bikira Maria alimtokea mwenyeji mmoja mnyenyekevu, Juan Diego, katika kilima cha Tepeyac. Hakumsemesha Kihispania. Alimsemesha Kinahuatl, lugha ya mama yake. Na picha iliyobaki kwenye vazi lake inamwonyesha Mama mwenye ngozi ya watu wa kule, amejifunga mkanda mweusi kiunoni kama mwanamke mjamzito wa kwao.

Wameksiko walielewa ujumbe bila mkalimani: Mungu hachukii sura yetu. Leo tarehe 12 Desemba ni sikukuu kubwa kwao, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Juan Diego kuwa mtakatifu mwaka 2002. Kabla ya Noeli, kuanzia tarehe 16 mpaka 24, wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiigiza Yosefu na Maria wakitafuta mahali pa kulala. Tarehe 1 na 2 Novemba wanasafisha makaburi, wanayapamba kwa maua ya njano, wanawaombea marehemu wao na kula pamoja. Ni Wakatoliki kama sisi, ila wamevaa vya kwao.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1659 Roma iliwaagiza wamisionari waliokwenda Asia wasiwalazimishe watu kuacha desturi zao, isipokuwa zile zinazopingana waziwazi na dini na maadili mema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema katika desturi za mataifa zimefichika mbegu za Neno. Na Mtume Paulo alishaonyesha njia: alipofika Athene hakuanza kwa kutukana, aliona altare ya Mungu asiyejulikana akaanzia hapo (Mdo 17).

Unaona ule mfano wa mahindi? Injili ni mbegu. Ililetwa kutoka mbali. Jimbo letu la Arusha lilianzishwa mwaka 1963, likawa Jimbo Kuu mwaka 1999. Kwa maisha ya Kanisa hiyo ni jana. Mbegu hii haitakiwi kubaki ngeni. Ikiota hapa iwe loshoro, iwe chakula chetu. Lakini kumbuka, udongo nao hutolewa mawe.

6. Kipimo: kushika, kusafisha, kuacha

Mtakatifu Paulo anatuambia tupime mambo yote na tulishike lililo jema (1 Thes 5:21). Tupime basi, bila kuoneana haya.

*Ya kushika.* Heshima kwa wazee, kupatanisha badala ya kukimbilia mahakamani, kubeba msiba wa mwenzako, kumtaja Mungu kabla ya chakula na safari, kuzika wapendwa wetu kwa heshima na kukumbuka makaburi yao. Haya yabebe bila wasiwasi. Mwezi Novemba, badala ya kuacha kaburi la babu limeota majani, lisafishe, sali pale rozari na wadogo zako. Si lazima uwe Mmeksiko kufanya hivyo.

*Ya kusafisha.* Tohara ya wavulana si dhambi. Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane. Lakini Mitume walipokaa Yerusalemu (Mdo 15) waliamua kwamba mtu haokolewi kwa tohara. Kwa hiyo kijana aliyetahiriwa hospitali si nusu mtu, na asiyeitwa kwenye rika asichekwe. Na kama mafunzo yanayofuata yanamfundisha kijana kwamba uanaume ni kulala na wasichana, hiyo sehemu ikatae, ubaki na mafunzo ya uvumilivu na kujitegemea.

Mahari nayo. Mahari ni shukrani na agano la familia mbili. Haikuwa bei. Leo familia nyingine zinataja kiasi ambacho kijana wa kipato cha kawaida hakiwezi, matokeo yake wanaishi uchumba sugu miaka 10, watoto watatu, Komunyo hawapokei. Wazee wa imani, mpo hapo? Hili ni la kukaa na kuongea na washenga mapema, si wiki ya harusi.

*Ya kuacha.* Ukeketaji. Hapa hakuna "lakini". Ni kumjeruhi msichana, unaweza kumwua, na unamletea mateso wakati wa kujifungua. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mkoa wetu wa Arusha ni kati ya mikoa ambayo jambo hili bado lipo, tena linafanyika kwa siri. Mungu aliumba mwili wa dada yako ukiwa mwema. Kijana wa kiume, una nguvu kubwa hapa: siku utakaposema wazi kwamba utamwoa asiyekeketwa, umelipunguzia soko jambo hili.

Kumwoza binti akiwa bado mtoto, kumnyima urithi kwa sababu ni wa kike, kumwogopa mzee kwa laana kuliko unavyomwogopa Mungu: hayo pia yaache. Kuhusu laana, sikiliza vizuri. Baraka ya mzee ni zawadi, itafute. Ila kama mzee anatishia laana ili ufanye dhambi, Kristo amekwisha kutukomboa (Gal 3:13). Mjibu kwa heshima, inamisha kichwa, na usifanye.

Najua si rahisi. Binti wa miaka 15 anayekataa mbele ya shangazi zake hahitaji mistari ya Biblia tu, anahitaji watu. Kama yuko kwenye jumuiya yako, mwambie paroko, mwambie katekista, mwambie mwalimu unayemwamini, nenda dawati la jinsia polisi. Usimwache peke yake halafu Jumapili uimbe vizuri.

7. Kazi ya wiki hii

Kwanza, kaa na mzee mmoja nusu saa, simu iwe mfukoni. Muulize: rika lako linaitwaje? Mlisali namna gani mvua ilipokosekana? Wewe au wazazi wako mlipokeaje ubatizo? Andika majibu.

Pili, kama wewe umehamia Lemara kutoka Kilimanjaro, Singida, Manyara au popote, jifunze salamu ya wenyeji na ujibiwe. Kama ni mwenyeji, mfundishe mwenzako bila kumcheka.

Tatu, mtafute mtu ambaye hamjapatana. Si lazima ubebe majani, ila nenda.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni desturi gani ya kwenu inayokusaidia kusali vizuri zaidi?
2. Ni ipi inayokuzuia kumfuata Kristo, na ni nani wa kuzungumza naye kuhusu hilo?
3. Jumuiya yetu ingekuwa "rika" la kweli, ingebadilika nini mwezi huu?

Sala

Ee Mungu Baba, uliyewapa babu zetu mlima, mito na mvua, nao wakakuita kwa lugha yao kabla hatujakujua katika Mwanao, tunakushukuru. Utupe macho ya kuona mbegu zako katika mila zetu, na ujasiri wa kung'oa yale yanayoumiza watoto wako. Mama Maria, uliyezungumza na Juan Diego kwa lugha ya nyumbani kwake, tuombee nasi wa Mlima Meru. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.